Nani anakula mtandao?

Katika nyumba ya wanafunzi, mtandao ukisumbua halitafutwi kosa, anatafutwa mtu. Leo ni yule anayecheza gemu usiku kucha, kesho ni mwenye wageni wasioisha, keshokutwa ni dada anayelala na tamthilia ikiendelea kifuani. Kwenye grupu letu la nyumba swali halibadiliki: "Jamani, nani anakula mtandao?" Wote kimya. Kisha mmoja anaenda kuchomoa ruta na kuichomeka tena, mambo yanakuwa shwari kwa dakika chache, halafu tunarudi pale pale.

Mimi kasi ndogo hainisumbui sana, mtu unaizoea. Kinachochosha ni kuwa kwenye mazungumzo ya video na msimamizi wa utafiti, sauti inakwama katikati ya sentensi, na ikirudi keshauliza swali na anakutazama akisubiri jibu. Nikasema basi, safari hii napima kwanza, tutatuhumiana baadaye.

Kupima kwenyewe si kazi. Unafungua madirisha mawili ya amri kwenye laptopu. Moja linapiga pingi, yaani linatuma ujumbe mdogo na kupima jibu linachukua muda gani kurudi, kwa ruta yenyewe, kwetu anwani yake ni 192.168.1.1, na jingine linapiga nje, kwa 8.8.8.8, seva ya Google. La kwanza linaonyesha safari ya hewani tu, kati yako na ruta. La pili linaongeza laini ya mtoa huduma na yote yaliyo mbele yake. Ruta ikijibu ndani ya milisekunde 2 au 3 huku nje kunasuasua, waifai haina kosa. Ruta yenyewe ikichelewa, usijisumbue kumpigia mtoa huduma. Nikazunguka na laptopu mkononi chumba hadi chumba, wenzangu wakiuliza kama natafuta majini.

Kumbe tulikuwa na maradhi mawili tuliyoyapa jina moja.

Chumba cha mwisho tatizo lilikuwa hewani. Ruta ilikaa sakafuni nyuma ya televisheni, na kutoka pale hadi kitanda cha mwenzetu kulikuwa na kuta mbili za zege. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi lakini ukuta kama huo huyamaliza. Ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi, ila ndiyo yanayogombewa na kila mtu, hata maikrowevu ya jikoni hufanya kazi humo humo. Tuliipandisha ruta juu ya kabati la koridoni. Chaneli ya gigahezi 2.4, yaani kipande cha masafa ambacho ruta inatumia, nayo ilikuwa 3, kwa hiyo inapokea kelele za majirani wa chaneli 1 na wa chaneli 6 kwa mpigo, wakati kwenye masafa hayo zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Tukahamia 11.

Bado hakukutosha. Mmoja akapendekeza tununue kile kifaa cha kuchomeka ukutani kinachopokea waifai na kuirusha tena. Nilikipinga na nitaendelea kukipinga: vile vya kawaida hupokea na kurusha kwa redio ile ile, kwa hiyo kasi hushuka hadi karibu nusu. Kulikuwa na ruta nzee kwenye droo. Tulizima kazi yake ya kugawa anwani, tukaipa anwani yake yenyewe isiyogongana na ya ruta kubwa, tukavuta kebo kutoka ruta kubwa pembezoni mwa ukuta na kuichomeka kwenye tundu la LAN, la vifaa vya nyumbani, si lile la WAN, la laini ya mtoa huduma. Mwenye chumba sasa analalamikia taa tu, eti inamwakia machoni usiku.

Maradhi ya pili ndiyo yaliyonifurahisha, kama neno hilo linafaa. Jioni, pingi ya kwenda kwa ruta ilikuwa safi kabisa, lakini ya nje ilipanda kutoka milisekunde 20 na kitu hadi zaidi ya 1,000. Ilikuwa saa ambazo watu wanarudi nyumbani. Simu inashika waifai tu, inaanza kupandisha picha na video za kutwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, na laini yetu ya kupandisha ni nyembamba. Ruta inapozidiwa haizikatai data, inazipanga foleni ndefu, na vipande vidogo vya sauti yako vinasimama nyuma ya video ya sherehe ya mtu. Ndiyo maana kuchomoa ruta kulisaidia: foleni inafutika, simu zinajipanga, kisha zinaanza tena.

Na kijana wa gemu, jamani! Gemu yenyewe ikichezwa hutumia data kidogo mno. Kinachoitesa ni ucheleweshaji. Tulikuwa tunamhukumu aliyeumia kuliko wote.

Dawa ipo. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, njia ya kusimamia foleni kwa kuangalia pakiti, yaani kipande cha data, imesubiri muda gani badala ya foleni ina urefu gani. Mzao wake, fq_codel, imo kwenye ruta nyingi. Kwenye yetu ilikuwa imezimwa, imefichwa ndani ya menyu ya ubora wa huduma. Tuliiwasha na kuweka ukomo wa kupandisha kwenye asilimia 90 hivi ya kasi tuliyopima, ili foleni ijipange ndani ya ruta yetu, si kwenye modemu ambayo hatuna mamlaka nayo. Picha zikawa zinapanda, pingi ikabaki kwenye 30. Kuongeza kifurushi, ambako tayari tulianza kuchangishana, kumeahirishwa.

Nywila ya mipangilio ya ruta tumeibandika ndani ya mlango wa kabati, pamoja na karatasi: anayebadilisha kitu aandike tarehe na alichobadilisha. Mstari wa kwanza si wangu. Unasema: "Nimezima taa."