Wakamchukua Kwao

Wapendwa katika Bwana, wiki hii sikuwa na amani, na sababu yake naijua. Siku ya Jumanne, kipindi cha tatu, nilipita karibu na dirisha la Darasa la Nne, nikaona mwalimu wetu kijana, aliyeripoti shuleni mwaka huu, ameandika ubaoni kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi. Badala ya kumsubiri atoke, nilisimama pale pale dirishani nikasema kwa sauti: “Mwalimu, futa hiyo, unawapotosha watoto.” Darasa zima likacheka. Yule kijana hakutafuta hata dasta. Alifuta kwa kiganja, akajipangusa kwenye suruali, na alama nyeupe ya chaki ikabaki pajani mwake mpaka jioni. Saa ya chai hakuja ofisini.

Kosa lilikuwa kosa kweli, wala sisemi lingeachwa. Lakini usiku huo nilifungua Matendo ya Mitume 18, nikakutana na Apolo wa Aleksandria, msemaji hodari, aliyefundisha kwa bidii ilhali aliujua ubatizo wa Yohana tu. Akila na Prisila walimsikia katika sinagogi, wakatambua upungufu wake, wakamchukua kwao na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Miaka yote nimesoma mstari huo nikilitazama neno “usahihi”, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Wiki hii Roho amenishika kwenye neno “kwao”. Kama wangemkosoa mbele ya kusanyiko, sijui kama Wakorintho wangempata Apolo wa kuitia maji mbegu ya Injili aliyoipanda Paulo kwao.

Nami niliwahi kuchukuliwa. Nilipoajiriwa mwaka 2003 katika shule ya kijijini mkoani Dodoma, mama mmoja aliyefundisha Darasa la Kwanza alinialika kwake, tukala ugali kwa mlenda, na tulipokwisha kunawa ndipo akaniambia, tukiwa wawili tu, kwamba ninapoandika ubaoni ninawapa watoto mgongo, na nyuma yangu darasa linageuka soko. Akachukua kipande cha mkaa jikoni, akasimama kiubavu kwenye ukuta wa udongo, bega moja likinielekea, akaandika ba, be, bi huku macho yake yakiwa kwangu. Hivyo ndivyo ninavyoandika hadi leo. Mwalimu mkuu hakupata kuujua udhaifu wangu huo, wala wanafunzi.

Walimu wenzangu tuliokula chumvi nyingi katika kazi hii, tumewapokeaje hawa? Zamu tunawasukumia wao, darasa lenye watoto wengi tunawapa wao kwa kuwa “bado wana nguvu”, na wakija na zana walizokesha wakizitengeneza kwa maboksi, tunasema ni nguvu ya soda. Kisha tunakutana kwenye MEWAKA, mafunzo yaliyowekwa ili walimu tujifunze sisi kwa sisi kazini, na vijana wanakaa kimya, kwa sababu wameshaona anayefungua kinywa hufanywa nini. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Januari 2024, ni nani kati yetu ambaye hakuhitaji kuelekezwa? Tunaogopa nini kumwambia kijana, “Mwanangu, hapa nisaidie”?

Nanyi vijana, Apolo pamoja na usomi wake alikubali kufundishwa na Akila na Prisila, mafundi wa mahema. Msikatae mkialikwa.

Alhamisi nilimwomba radhi mwalimu yule, tukiwa chini ya mwembe, naye akanipokea kwa upole ulioniumiza zaidi. Lakini wale watoto waliocheka hawakuwapo. Kwa hiyo Jumatatu, kabla kipindi chake hakijaanza, nitabisha mlango wa Darasa la Nne na kuomba dakika tano za kusema mbele yao kwamba nilimkosea mwalimu wao. Mniombee, maana tangu jana nayatafuta maneno.