Alhamisi yangu kwenye matete ya Somerset

Saa 1 asubuhi. Giza totoro. Desemba huku kusini-magharibi mwa Uingereza jua huchomoza kama saa mbili, na muda mfupi baada ya saa kumi jioni limeshazama. Leo sina zamu kazini, kwa hiyo navaa soksi mbilimbili na kwenda kujitolea Ham Wall, hifadhi ya ndege karibu na Glastonbury.

Saa 3:30. Tumo majini, buti za mpira hadi kifuani. Wengine wanafyeka matete, wengine tunayakokota kwa reki hadi ukingoni. Anayepita atadhani tunaharibu. Hapa palichimbwa mboji ya kinamasini (peat) miaka mingi, mashimo yakajaa maji, kisha hifadhi ikapanda matete. Yakiachwa tu, makavu hulundikana, kina cha maji hupungua, miti huota na bwawa hugeuka kichaka. Hapo ngojamaliko, ndege wa jamii ya korongo anayejificha matetini, hana pa kuvua. Mwaka 1997 madume wake waliosikika wakivuma Uingereza nzima walikuwa 11 tu! Leo wanazaliana humu humu. Tunakata majira ya baridi kwa sababu hakuna viota.

Saa 5. Chai. Mwenzangu, fundi umeme mstaafu, ana umri wa baba yangu. Wengine humwita kwa jina tupu, mimi nimeshindwa. Namwita Mzee, naye kazoea. Robin, kidege chenye kifua cha rangi ya chungwa, anadonoa wadudu tuliowafukua, karibu kabisa na buti za Mzee.

Saa 7 mchana. Ng'ambo ya mfereji, yangeyange wanafuata ng'ombe malishoni, wale wale wa kwetu Kitale. Walitaga Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2008, hapa hapa Somerset.

Saa 9:30. Maegesho yamefurika watu na kamera zao. Wamekuja kutazama kwenzi. Wengi wa ndege hao hukimbia baridi ya Ulaya Mashariki. Wanakuja kundi baada ya kundi, maelfu kwa maelfu, wakipita juu yetu unasikia mvumo wa mabawa, halafu wote wanashuka kulala matetini. Watu wanapiga makofi. Laiti mmoja wao angeshika reki!

Saa 11. Suruali imelowa, vidole havifungi zipu. Mzee anauliza kama nitakuja wiki ijayo: upande wa kaskazini haujaguswa, na kabla ya Machi lazima tuwe tumetoka.