Wimbo ufuate koo la mtoto: kumwandaa mwimbaji mdogo wa Uganda kwa mashindano ya nje

Wanaoitazama Junior Eurovision, shindano la nyimbo la watoto la Ulaya, kwenye intaneti huuliza mbona Uganda haimo. Jibu ni fupi: nchi huingia kupitia shirika la utangazaji lililo mwanachama wa EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, na Waafrika wenye uanachama kamili ni wa kaskazini tu, yaani Misri, Libya, Tunisia, Algeria na Morocco. Australia ilipoingia mwaka 2015 ilialikwa. Lakini milango mingine ipo wazi. World Choir Games, yanayofanyika kila baada ya miaka miwili, yana madaraja ya kwaya za watoto, na mwaka 2018 yalikuja Tshwane, Afrika Kusini. Katika East Africa's Got Talent ya 2019 washindi walikuwa ndugu wawili wa Uganda, Esther na Ezekiel. Vipaji tunavyo. Kinachotuangusha mara nyingi ni maandalizi yaliyoanzia upande usio wake.

Hata hivyo, kanuni za Junior Eurovision nazipenda kama kipimo cha mazoezi. Mwimbaji awe na miaka 9 hadi 14 siku ya shindano, wimbo usizidi dakika 3, na sauti kuu iimbwe papo hapo jukwaani. Anayeweza kutimiza hayo matatu anaweza kusimama karibu popote.

Tuanze na umri, kwa sababu ya wavulana. Mvulana wa miaka 13 unayemchagua Machi kwa shindano la Novemba anaweza kufika akiwa na sauti nyingine kabisa. Dalili huja mapema: anakwepa noti za juu alizokuwa akizichezea, sauti ya kuzungumza inashuka, asubuhi inakwaruza. Ukiziona, rekodi wimbo katika funguo mbili, ule wa sasa na mwingine ulio chini kwa nusu-toni tatu au nne, ili usilazimike kurudi studio wiki ya mwisho. Na usimfiche mtoto kinachoendelea. Mwambie kwamba koo lake linakua na halijaharibika.

Sasa wimbo wenyewe. Kosa kubwa ni mwalimu kuupenda wimbo, kununua biti (muziki uliorekodiwa wa kuimbia), kisha kumtafuta mtoto wa kuubeba. Mtoto wa miaka 9 hadi 11 kwa kawaida huimba kwa raha kuanzia La iliyo chini ya Do ya kati hadi Re au Mi ya juu. Biti nyingi zimetengenezwa kwa sauti za watu wazima, kwa hiyo kiitikio kinamkuta mtoto ama chini sana asisikike, ama juu sana apige kelele. Jaribio lake ni rahisi. Aimbe kiitikio mara tatu mfululizo bila ala, ukimrekodi kwa simu akiwa amesimama ubavu kwako. Mara ya tatu mtazame kidevu. Kikiinuka na mishipa ya shingo ikijitokeza, shusha nusu-toni moja na urudie. Fanya hivyo asubuhi na tena jioni baada ya shule, kwa maana koo la saa kumi na moja jioni limeshapiga kelele uwanjani kutwa nzima. Ufunguo unaopita majaribio yote mawili ndio unaopelekwa studio.

Dakika tatu ni fupi kwa tulivyozoea. Nyimbo zetu za kupokezana hupenda kuchemka taratibu, kiongozi anaita, kundi linaitika, ngoma inaongezeka. Ukiukata wimbo kama huo kwa mkasi unapoteza ladha. Afadhali uupange upya tangu mwanzo. Kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, baa ya mapigo manne inachukua sekunde 2.5. Kiingilio baa 4, ubeti baa 12, kiitikio 8, ubeti wa pili 12, kiitikio 8, ngoma peke yake 8, kisha kiitikio mara mbili, baa 16. Jumla baa 68, sawa na dakika 2 na sekunde 50. Hizo sekunde kumi zinazobaki usizijaze, ni za mwangwi wa mwisho na usalama wako.

Zile baa 8 za ngoma ndipo mahali pa kucheza. Dunia inatujua kwa kucheza. Ghetto Kids, kundi la watoto wachezaji wa Kampala, walifika fainali ya Britain's Got Talent mwaka 2023, na kila mwalimu sasa anataka mitindo kama yao. Lakini wao walikwenda kucheza. Mtoto anayeimba papo hapo hawezi kuruka ekitaguriro, ngoma ya Ankole, na hapohapo kushikilia noti ndefu, pumzi haitoshi. Bakisimba, ngoma ya Waganda, inamfaa zaidi wakati wa kuimba kwa sababu kifua hutulia na kiuno ndicho kinachofanya kazi. Larakaraka ya Waacholi na ekitaguriro ziwekwe kwenye zile baa za ngoma tupu, na baada yake mpe mtoto mapigo manne ya kusimama kabla ya neno la kwanza la kiitikio.

Lugha ndiyo sehemu ninayoona inadharauliwa kuliko zote. Kiswahili ni chaguo zuri kwa mtoto anayeiwakilisha Uganda, na walimu wa Arua na Bombo wana nafuu kwa kuwa watoto wao hukisikia nje ya darasa. Kampala na Masaka kazi ni zaidi, maana Kiganda hubaki mdomoni. Kiganda hutumia r baada ya e na i, kwingine l. Kwa hiyo mtoto anayeomba "kura" anatamka "kula", na maana imeshageuka. "Thamani" inakuwa "samani", mwimbaji anamwambia mama yake kuwa ni meza na viti. H nayo hudondoka, "habari" ikawa "abali".

Wengi hujibu kwa kumkalisha mtoto mwezi mzima akirudia neno moja hadi analichukia. Mimi nashauri badilisha neno. Mahali pa "thamani" weka "tunu". "Furaha" ina mitego miwili, r na h, ilhali "nderemo" haina hata mmoja, kwa sababu r yake inafuata e na mdomo wa Kiganda unaipokea bila shida. Ukipitia mashairi yote namna hii, kalamu mkononi, mtoto mwenyewe akisoma kwa sauti, utabakiwa na maneno mawili matatu tu ya kufanyia mazoezi. Hayo ndiyo ya kuyatolea jasho.

M ya peke yake ni mojawapo. Aliyezoea "omuntu" na "omusomesa" atasema "mutu", "mutoto". Mara nyingi kosa ni la mtunzi: ameandika "mtoto" kwa noti mbili, na watoto wanatia u ili pumzi ipate pa kukaa. M hiyo ni silabi kamili, ina haki ya noti yake. Waimbe m-to-to, noti tatu, midomo imefungwa kwenye ya kwanza na sauti ikipita puani. Anza kwa kuvuma "mmm" pigo moja zima, kisha "toto", mara kumi, polepole.

Mkazo pia. Kiganda ni lugha ya toni na mtunzi wake huangalia kupanda na kushuka kwa neno. Kiswahili hakina toni, mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Jina la nchi yetu linaathirika kuliko neno lolote: watunzi huipa "U" pigo la kwanza la baa, na jina linatoka limepinda. Anza "U" kwenye pigo la nne la baa iliyotangulia, "ga" iangukie pigo la kwanza. Sikiliza tofauti.

Upande wa ala, adungu, kinubi cha Waalur, inapendeza sana nyuma ya sauti ya mtoto, ila ina tabia zake. Kwenye kumbi zilizopashwa joto hewa ni kavu, mbao husinyaa, vigingi hulegea na nyuzi hushuka. Ifunge kwa kitambaa safarini, usiisawazishe hotelini tu, bali tena ukumbini saa moja kabla ya kupanda, ukifuata ufunguo wa biti kwa kifaa cha simu. Engalabi, ngoma ndefu ya Waganda, ni jambo jingine. Ngozi yake ya asili ni ya kenge, na kenge yumo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, hivyo kuivusha mpaka kunahitaji kibali. Tengeneza nyingine ya ngozi ya mbuzi au uiache nyumbani. Hata ngozi ya mbuzi, uliza forodha ya nchi unayokwenda kabla ya kukata tiketi.

Makaratasi yaanze kabla ya mazoezi. Cheti cha kuzaliwa kutoka NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu), pasipoti, barua ya ridhaa ya wazazi. Kinachokwamisha zaidi ni majina: shule imeandika Nakato, cheti kina Nnakato; huku Mohamed, kule Muhammad. Linganisha herufi kwa herufi siku ya kwanza kabisa. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo kadi ya jana haikusaidii uwanja wa ndege wa Entebbe. Kwa nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, unaweza kuomba viza hadi miezi 6 kabla ya safari, uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kufika 45, na bima ya matibabu isiwe chini ya euro 30,000. Watoto walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole. Wimbo kama ni wenu, usajilini URSB, ofisi ya serikali ya usajili, na mkataba wowote wa kurekodi utiwe saini na mzazi aliyeusoma. Mtoto asitie saini.

Biti ibebwe bila sauti kuu ndani yake, faili la WAV, si lile lililotumwa kwa WhatsApp ambalo limeshabanwa. Nakala moja iwe kwa mwalimu, ya pili kwa mlezi anayesafiri na mtoto, ya tatu kwenye barua pepe. Fundi wa ukumbi apewe pia karatasi yenye ufunguo, mwendo, urefu wa wimbo na neno la kwanza analoimba mtoto, ili ajue lini afungue maiki.