Tomi na wapita njia: tulivyomfundisha mbwa wetu pale pale getini

Nyumba yetu ya Sahare, hapa Tanga, imepakana na njia isiyokauka watu: wauza samaki na baiskeli zao, watoto wa madrasa, wazee wanaowahi sala ya alfajiri. Tomi, mbwa wa kienyeji, tulimleta baada ya wezi kutuvunjia jiko, na kazi akaifanya kupita kiasi. Kila baiskeli ikipita alijirusha kwenye geti, mabati yakalia mtaa mzima. Siku aliponasa kanzu ya jirani yetu Maalim kupitia upenyo na kuichana, nikaona sasa tutafikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Kanzu nikailipa siku hiyo hiyo.

Mtaani nilishauriwa fimbo, mnyororo, hata pilipili kwenye ugali, ambayo hadi leo sijaelewa ingefanya nini. Nikamtafuta kijana aliyewahi kuwashika mbwa wa kampuni ya ulinzi, nikamwomba akakae naye kwake. Akakataa. Alisema ugenini mbwa atatulia, lakini akirudishwa kwenye geti lake ataendelea pale pale. Akaja yeye nyumbani. Swali lake la kwanza lilikuwa kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu ugonjwa huo dalili zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno.

Asubuhi ile alikaa chini ya mwembe akitazama tu. Kisha akaniambia, "Kaka, huyu anashinda kila siku. Anabweka, baiskeli inaondoka. Hajui kwamba ilikuwa inapita tu."

Basi tukaanza kwa kumnyima ushindi. Upenyo wote tukauziba kwa makuti, na mchana tukiwa kazini Tomi akawa anashinda uani nyuma, bila mnyororo. Fimbo kijana aliipiga marufuku. Mbwa akichapwa kwa kunguruma, hofu yake haiondoki. Anachoacha ni kule kuonya, na siku nyingine anauma kimya kimya.

Somo lenyewe lilikuwa jioni: geti wazi, Tomi chini ya mwembe kwenye kamba ndefu ya katani, mimi na maini ya kuku yaliyochemshwa, nimeyakata vipande vidogo kama punje za mahindi. Mtu anatokea njiani, ndipo ini linatoka, moja baada ya jingine. Akipita, ini linakoma. Mpangilio huo haugeuzwi, kwani ukianza na ini, mbwa anajifunza kwamba chakula kinaleta balaa. Kijana alinifundisha kutazama uso: kabla ya kubweka Tomi hufumba mdomo, masikio yakasimama, mkia ukakakamaa. Kipande kinatakiwa kitoke hapo, au kabla. Na akikataa hata ini, basi yuko karibu mno, mnarudi nyuma.

Tatizo lilikuwa kupata wapita njia wa kupita kwa mpango. Nilikwenda kwa Maalim.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Nitapita, mwanangu, ila asiniguse. Mate yake kwangu ni kuosha mara saba, moja kwa udongo."

Nikamhakikishia kwamba kamba haifiki hata getini. Akawa anapita na baiskeli yake upande wa pili wa njia, hamtazami, hamsemeshi, kengele halizi. Hakuna aliyetusaidia kama yeye. Waliotuharibia ni wapenzi wa mbwa, wale wa kusimama, kukodoa macho na kuita "Tomi, Tomi!" huku wamenyoosha mikono.

Tulisogea kidogo kidogo, kutoka mwembeni hadi karibu na bomba la maji, kisha getini. Zilikuwepo jioni za kurudi mwembeni, hasa baada ya bodaboda yenye bomba bovu. Mabadiliko niliyaona muuza samaki alipopiga honi na Tomi, badala ya kuruka, akageuka kuniangalia mkono.

Baiskeli sasa anaziacha zipite. Bodaboda bado anazifokea, na adhana ya alfajiri anaitikia kwa kulia, hilo hatujaligusa. Wageni wakipiga hodi anaingizwa bandani kwanza, na watoto wa jirani hawaachwi naye peke yao hata kwa dakika. Usiku tunamfungulia uwanja mzima, na wezi wa jikoni hawajarudi.