Ng'onda na presha ya mama

Tangu Mfungo Mosi kibakuli cha chumvi hakiwekwi tena mkekani kwetu hapa Wete. Mama alipimwa presha, ikasoma 160 kwa 100. Mimi nilidhani ni mawazo tu. Daktari akamuuliza anakula nini, akajibu: "Muhogo na ng'onda, mwanangu, basi."

Ng'onda! Samaki aliyelazwa kwenye chumvi kisha akaanikwa juani, na mchuzi wake bado tulikuwa tunautia chumvi nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, tena kwa vyakula vyote pamoja. Chumvi ikizidi huzuia maji mwilini, damu inaongezeka kwenye mishipa, moyo unasukuma kwa nguvu zaidi.

Sasa tunanunua changu mbichi asubuhi. Ndimu nyingi, tangawizi, thomu, pilipili mbuzi, na wallahi ladha haikupotea. Akitamani ng'onda namroweka usiku kucha, maji namwaga mara mbili. Dawa anameza kila siku, hilo halina mjadala.

Juzi imesoma 138 kwa 86. Nililia pale pale kwenye benchi, mama akanishika mkono.