Nilipopandikizwa jino la kahawia

Jino nililolipoteza lilikuwa la mbele kabisa, juu, upande wa kulia. Bodaboda niliyopanda kutoka Tengeru iliteleza kwenye tope nikaangukia kinywa. Dereva alitoka na michubuko tu, namshukuru Mungu kwa hilo. Mimi mdomo ulivimba na jino likakatikia ndani ya fizi. Mzizi uliobaki ukang'olewa, nikaanza kuishi na pengo.

Wengi huona pengo la mbele kuwa suala la urembo. Mimi nafundisha darasa la kwanza. Asubuhi nasimama mbele ya watoto na kutamka fa, fe, fi, fo, fu, nao hawatazami ubao, wananitazama mdomo. F haitoki sawasawa mpaka meno ya juu yaguse mdomo wa chini. S nayo inataka upepo upite mahali pembamba, na mimi upepo ulikuwa unatoka ovyo. Siku niliyosikia safu nzima ya mbele ikisoma "thimba" badala ya "simba", kwa utiifu kabisa, kama mwalimu wao alivyotamka, niliumia.

Nikatengenezewa jino la plastiki la kuvaa na kuvua, lenye kibao kinacholala kwenye kaakaa. Lilirudisha f yangu. Lakini kibao kilifunika ladha ya chakula, nilipokula makande punje ziliingia chini yake, na kila nilipopiga chafya nilishika mdomo. Tena lilikuwa jeupe pe.

Hapo inabidi nieleze meno yetu. Mimi nimezaliwa na kukulia Arumeru, chini ya Mlima Meru, upande wa Maji ya Chai. Maji ya chemchemi na mito ya huku hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Katika vyanzo vingi vya kwetu huzidi mara kadhaa, na magadi tunayopikia maharage huongeza nyingine. Jino la mbele la ukubwani huanza kujijenga ndani ya taya mtoto akiwa bado mchanga, na gamba lake la nje linakamilika kabla hajaanza shule. Maji anayokunywa miaka hiyo ndiyo yanayoamua rangi yake. Yangu yana mistari ya kahawia iliyokatiza kwa upana, na katikati ya mistari kuna madoa meupe kama chokaa. Si uchafu. Hayatoki kwa mswaki, wala mkaa, wala mchanga, na nafahamu watu waliojaribu vyote vitatu mpaka wakachubua fizi. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mbali na nyumbani, mwenzangu mmoja aliniletea dawa ya meno kama zawadi, kwa nia njema kabisa. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilicheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Nawaona wanafunzi wangu wakubwa wakifanya vilevile.

Basi nikawa nimesimama mbele yao na jino moja jeupe. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, na sisi tukikua tutapewa jeupe?" Nilimjibu kwamba meno yake ni mazima na yana nguvu. Jioni ile ndipo nilipoamua kutafuta jino la kudumu.

Daktari wa meno niliyempata mjini Arusha alikuwa kijana, mtulivu, mwenye kueleza jambo mpaka ulielewe. Alinipa njia mbili. Ya kwanza ni daraja: meno mawili ya jirani yanachongwa, kisha linawekwa jino la katikati lililoungana na kofia zinazoyavika hayo mawili. Ni haraka na bei yake ni nafuu. Lakini majirani zangu walikuwa wazima, na kuchonga jino zima ili kusaidia lililokwisha kuondoka sikukubaliana nako. Ya pili ni kipandikizi: skrubu ndogo ya titani inaingizwa kwenye mfupa wa taya, inaachwa miezi kadhaa mpaka mfupa uishike, ndipo juu yake linafungwa jino.

"Nani alijua kwamba mfupa utakubali kushika chuma?" nilimuuliza.

Akanieleza habari ya Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Sweden. Miaka ya 1950 alikuwa anachunguza mtiririko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vya titani. Alipotaka kuvitoa havikutoka, mfupa ulikuwa umevishika moja kwa moja. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimpandikizia mtu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya. Larsson alifariki mwaka 2006 vipandikizi vyake vikiwa bado vinafanya kazi. Zaidi ya miaka arobaini! Habari hiyo ilinituliza kuliko maneno yote ya "usiogope".

Gharama ilizidi milioni mbili na bima yangu haikuhusika na meno ya namna hiyo. Nilikopa kwenye kikoba chetu cha walimu. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba ukuta wa mbele wa mfupa ulikuwa umeanza kupungua. Jino likitoka mfupa uliolishikilia hunywea, na wa mbele ndio mwembamba zaidi. Ingebidi aongeze chembechembe za mfupa zilizosafishwa kiwandani. Nikauliza ni za mfupa gani. Za ng'ombe. Shuleni kwetu maji ya kunywa yanapitishwa kwenye chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, la aina inayotengenezwa pale Kituo cha Ngurdoto kwa ajili ya kupunguza floraidi. Nikamwambia daktari aendelee.

Siku ya upasuaji nilisikia mtetemo tu. Ganzi ilifanya kazi yake. Drili ilizunguka polepole huku maji ya chumvi yakimiminika bila kukoma na msaidizi akiyafyonza. Baadaye daktari alinieleza sababu: mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja unaanza kufa, na mfupa uliokufa haushiki kitu. Skrubu ikaingia kwa mkono, mzunguko baada ya mzunguko, akisoma kipimo cha ukazaji. Mishono michache, pamba, nikarudi nyumbani.

Dada yangu mkubwa alikuja jioni na chupa ya mtori. Aliupooza kwanza kwenye bakuli, maana nilikatazwa cha moto.

"Mdogo wangu, chuma kwenye taya! Kikishika kutu?"

"Si chuma, dada. Ni titani. Haishiki kutu."

Akanyamaza akinitazama nikimeza. Kisha akasema, "Wakikuuliza rangi, sema nyeupe. Na hayo mengine yafunikwe. Angalau mmoja wetu atoke kwenye haya maji."

Sikumjibu. Mwanawe wa kwanza alipoanza kutembea miguu ilipinda, magoti yakaachana, na ilizidi kupinda alivyokua. Floraidi ikizidi sana haiishii kwenye meno, inaingia mifupani. Dada yangu ndiye aliyekuwa anachota maji yale kwa ndoo, akiamini anamlisha mtoto kitu kisafi, maana yalikuwa yanang'aa na hayana harufu. Kwake yeye kahawia si rangi ya nyumbani. Ni ushahidi. Sina haki ya kumwambia aione vinginevyo.

Mfupa ulishika. Baada ya miezi minne daktari aligonga kipandikizi kwa mpini wa kifaa chake, kikatoa mlio mkavu, akatabasamu. Akafungua boksi lenye vipande vya rangi, kumi na sita, vilivyopangwa kutoka cheupe hadi cheusicheusi kidogo. Alivisogeza kimoja kimoja karibu na meno yangu. Hakuna kilichofanana. Hata kile cha mwisho kilikuwa na rangi moja tu kutoka juu hadi chini.

"Mwalimu," akasema, "tunaweza kuyavika meno sita ya mbele magamba meupe, yote yafanane. Tutayachonga kidogo tu."

Alisema kwa heshima, na najua wako waliofanya hivyo wakafurahi. Siwalaumu hata kidogo. Nilimwambia nataka jino moja, lenye mistari.

Kazi ikawa ya fundi wa maabara, aliyekuwa Dar es Salaam. Jino la kwanza alilotuma lilikuwa zuri, la kauri, limepakwa kahawia lote sawasawa. Kinywani lilionekana bovu. Tukalirudisha. Fundi akapiga simu akaomba picha zilizopigwa nje, juani, mdomo ukiwa mkavu na ukiwa na mate, maana madoa meupe hubadilika jino likikauka. Akaomba pia nimweleze mistari inaanzia wapi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilisimama dirishani na kioo cha mkononi na kuyatazama meno yangu kuliko nilivyowahi kuyatazama. Nikamweleza: mstari mpana katikati, mwingine mwembamba chini yake, ncha nyeupe yenye ukungu, karibu na fizi pasafi. Alipaka rangi tabaka kwa tabaka, kila tabaka likiingia tanurini kabla ya jingine.

La pili lilipokuja, daktari alilifunga, akarudi nyuma hatua mbili, akamwita msaidizi wake aseme lipi lilikuwa jipya. Msaidizi akanyosha kidole kwenye jino la kushoto. Nilicheka mdomo wazi, viganja vikiwa mapajani.

Jumatatu darasani tulisoma sa, se, si, so, su. Aliyeniuliza habari ya jino jeupe alikodoa macho, akatafuta, akaacha, akaendelea kusoma. Dada yangu nilimfuata nyumbani kwake. Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga kama anavyokagua watoto. "Limefanana," akasema. Halafu: "Ungeweza kutoka." Tukakaa, akamenya ndizi, tukazungumza habari ya mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa anasubiri tarehe ya kunyooshwa mguu wa pili.

Mkopo wa kikoba nilimaliza kuulipa mwaka uliofuata. Fundi wa Dar alituma ujumbe akiomba ruhusa ya kuhifadhi mchanganyiko wa zile rangi kwenye daftari lake, mtu mwingine wa kwetu akija asianze upya. Nilimruhusu kwa furaha. Shemeji yangu alipovunjika jino na kwenda kwa daktari yuleyule, fundi hakuomba kibao cha rangi. Aliuliza tu alikulia upande gani wa mlima.