Siku moja maishani mwangu: vioo vinavyojishusha vyenyewe

Saa 12 na robo asubuhi. Mvua ya masika imenyesha usiku kucha na bado inagonga bati simu inapoita. Ni mwalimu mmoja wa Ngaramtoni, mteja wangu wa siku nyingi. Ameamka na kukuta vioo vyote vinne vya gari lake viko chini. Viti vimelowa chapachapa, mazulia yamejaa maji. Hakuna kilichoibwa, hata mwavuli uliokuwa kiti cha nyuma upo.

"Fundi, nililifunga mwenyewe, nikavuta na mlango kuhakikisha. Jirani ananiambia nimechezewa."

Nikamuuliza maswali mawili ninayomuuliza kila mtu: gari lilikuwa limezimwa au linawaka, na vimeshuka vioo vingapi? Kioo kimoja kikishuka peke yake, natafuta ugonjwa kwenye njia ya kioo hicho. Vinne vikishuka kwa pamoja, tena gari limezimwa na kufungwa, mara nyingi hakuna ugonjwa kabisa. Kuna amri imetolewa na gari limeitii. Nikamwomba aje na funguo zote mbili, anaoutumia na wa akiba.

"Wa akiba hata sijui uko wapi, fundi."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nioge haraka.

Saa 2 asubuhi. Gereji yetu iko Unga Limited, Arusha, na siku ya mvua kazi ya kwanza ni kutandika mbao juu ya tope ili wateja wapite. Kabla hatujamaliza, anaingia mzee mmoja kutoka Tengeru.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiki kioo changu kimeota akili zake. Nikifika foleni ya Sanawari kinashuka chenyewe. Nakipandisha. Nikifika Mianzini kimeshuka tena, na mvua yote ni yangu."

Kioo cha dereva peke yake, gari linawaka, siku za mvua. Nikamuuliza kama kuna fundi amekigusa. Akasema wiki iliyopita gereji nyingine walimbadilishia mota kwa shilingi 90,000, na siku ya pili tatizo likarudi. Niliumia. Si kwa sababu fundi mwenzangu alikosea, sote tunakosea, bali kwa sababu fedha ile ilitoka kwenye mahindi ya mzee na swali moja lingeiokoa.

Mota ya kioo kwenye gari kama lake haiamui chochote. Ni mota ya volti 12: umeme ukiingia upande huu inapandisha, ukigeuzwa inashusha. Usipoingia, imekaa kimya. Kwa hiyo kioo kikitembea bila kuguswa, swali ni nani ameipa mota umeme. (Yapo magari ambayo mota ina kompyuta ndogo ndani yake, na hapo hesabu hubadilika. La mzee si mojawapo.)

Nikachomoa soketi ya swichi ya mlango wa dereva, nikaacha gari linaunguruma, mzee akakaa kwenye benchi na chai yake. Nusu saa nzima kioo hakikutikisika. Nikarudisha soketi, na kabla sijaondoa mkono kioo kikaanza kuteremka taratibu, kama kimebonyezwa. Mzee akasimama na kikombe mkononi. Nikamwonyesha kidole changu kiko wapi.

Saa 3 na nusu. Swichi iko mezani, imefunguliwa. Watu wengi hudhani kidole ndicho kinachopitisha umeme wote wa mota. Kwenye swichi nyingi za dereva sivyo. Ndani kuna kibao chenye njia nyembamba za shaba na rilei. Kidole hutoa ishara ndogo tu, rilei ndiyo hupeleka umeme mkubwa. Ndiyo maana hayahitajiki maji mengi. Unyevu kidogo ukiunganisha njia mbili, rilei inaona kama umebonyeza. Kwenye kibao cha mzee kulikuwa na kutu ya kijani kuzunguka miguu ya rilei, na juu yake utando wa kitu chenye sukari. Mzee akakiri kwamba chai huwa anaiweka pale pale, kwenye mkono wa mlango.

Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa ameshashika kopo la mafuta ya kupulizia. Nikamshika mkono. Kila gereji mjini ina kopo hilo, na kila swichi inayogoma hupuliziwa, kisha hufanya kazi wiki mbili na kila mtu anafurahi. Nikamsimulia jambo la mwaka 2012, Toyota ilipoyaita magari yake milioni 7.43 duniani yarudi yakarekebishwe, Corolla, Camry na RAV4 yakiwamo, kwa sababu ya swichi hii hii ya dereva. Grisi haikupakwa sawasawa kiwandani, swichi ikawa nzito, na Toyota ikaonya kwamba mtu akiipaka mafuta ya madukani tu, inaweza kuyeyuka au kutoa moshi. Mwaka 2015 ikaita mengine milioni 6.5 kwa swichi hiyo. Mafuta yasiyo yake hubeba vumbi na vyuma vilivyosagika hadi mahali pa moto. Swichi husafishwa kwa spiriti na brashi laini, hukaushwa, halafu hukaguliwa chini ya lenzi. Njia ya shaba ikiwa imeliwa, tafuta swichi nyingine.

Saa 5. Mwalimu amefika, amekalia mfuko wa plastiki. Ufunguo wa akiba ameupata: ulikuwa chini kabisa ya mkoba anaobebea madaftari ya wanafunzi, na jana usiku mkoba ule ulikuwa sebuleni, chini ya dirisha, hatua chache kutoka kwenye gari.

Gari lake ni la Ulaya. Mengi ya huko, na baadhi ya Kijapani pia, yana kitu ambacho muuzaji wa mtumba hakuelezi: ukibonyeza kitufe cha kufungulia milango na kukishikilia, vioo vyote hushuka. Kimewekwa ili hewa ya joto itoke kabla hujaingia. Nikafunga gari, nikauweka ufunguo kwenye mkoba wake vile vile, nikaomba arundike madaftari yake juu. Mara ya kwanza na ya pili hola. Ya tatu akasukuma rundo kidogo kwa kiganja, taa za gari zikawaka, milango ikafunguka, tukasikia vioo vinne vikishuka kwa pamoja.

Mwalimu alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe ni insha za darasa la sita." Alikuwa ameshaanza kumshuku kijana anayemlindia nyumba.

Nimeutoa betri ufunguo wa akiba. Bado unafungua mlango kwa kuzungushwa kama funguo za zamani. Ningeweza pia kuizima kazi hiyo kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari, ila mwenyewe ameipenda. Viti tumevitoa. Sponji iliyolowa huchukua siku, na chini ya zulia kuna soketi za waya ambazo nisingependa zianze hadithi nyingine mwezi Juni.

Saa 8 mchana. Gari la watalii, limetoka porini. Kioo kinapanda hadi karibu na mwisho, halafu kinarudi chini chenyewe. Hii ni kinga dhidi ya kubana mtu: kioo kikikuta kizuizi kinageuza. Kizuizi chenyewe ni vumbi lililogandamana kwenye mpira. Kusafisha, kukifundisha kioo mwisho wake upya kwa kushikilia swichi juu sekunde kadhaa, kazi imekwisha. Dakika arobaini.

Lakini nilimwambia dereva, na nawaambia nyote mnaosoma: si kila kioo kina kinga hiyo. Magari mengi mjini hapa yana kinga kioo cha dereva tu, au hayana kabisa. Swichi inayoweza kushusha kioo yenyewe inaweza pia kukipandisha yenyewe, na mtoto huwa ametoa kichwa nje kuwapungia watu. Watoto wamekufa hivyo. Kioo kikianza kutembea chenyewe hata mara moja, kichomolee fyuzi siku hiyo hiyo, kabla ya kutafuta fundi. Joto la ndani ya gari litavumilika.

Saa 11 jioni. Swichi ya mzee imekauka. Chini ya lenzi njia moja imeliwa nusu. Ningeweza kuiunganisha kwa uzi wa waya na risasi ya kulehemia, na nimeshafanya hivyo kwa swichi za redio. Kwa hii sikutaka. Nikampigia mzee, nikamwambia nimepata nyingine ya mtumba, nzima, nitaifungua na kuikagua kabla ya kuifunga. Akauliza bei, nikamtajia. Akakaa kimya kidogo.

"Na chai niweke wapi sasa?"

"Mzee, nitakufungia kishikio katikati, hicho bure."

Saa 1 usiku. Wingu limeshuka kutoka Meru na matone yameanza. Nimezunguka uani kukagua vioo vya magari yote saba. La mzee linalala hapa, nimekipandisha kioo chake kwa waya wa betri moja kwa moja kwenye mota, nikatoa fyuzi, nikaibandika kwenye usukani kwa tepu pamoja na karatasi: "Fyuzi ya vioo. Usirudishe kabla ya swichi mpya." Chini ya kiti cha dereva nimeweka kipande cha boksi kikavu. Kesho asubuhi nitakigusa kwanza hicho.